Kromu ya Pijo ya Baba

Jumapili, 9 Machi

Baba ametuita leo baada ya kanisa, mimi na kaka yangu Kipkirui, akatuketisha kwa sebule yake kama watoto walioiba sukari. Nina miaka arobaini na saba. Nina duka la dawa za mifugo hapa Boito, na watu wazima huniita Madam. Lakini Baba akikohoa, bado nanyoosha mgongo.

Habari ni Pijo. Pijo 404 ya Baba, ile aliyokuwa akiendesha kama teksi Kericho na Bomet kabla sijazaliwa, imelala bandani tangu nikiwa darasa la sita. Kipkirui anataka hilo banda lifungiwe ng'ombe wake wa maziwa. Mimi nataka Pijo. Injini nilishatengenezesha mwaka jana na inawaka. Kilichobaki ni mapambo: duara za taa za mbele, kofia za magurudumu, na ile mikanda ya kromu inayopita ubavuni. Upande wa kulia mikanda iko. Upande wa kushoto kuna matundu tu.

Kipkirui akasema, "Baba, unajua mwenyewe gari ya mzee haiendi kwa msichana. Huyu aliolewa."

"Nimeolewa kilomita mbili kutoka hapa," nikamwambia. "Si Marekani!"

Baba akainua mkono, tukanyamaza wote. Akasema mvua inaingia, na ikiisha atatoka nje kuangalia gari yake. "Nikiikuta nzima, kila kitu chake kinachong'aa kikiwa mahali pake, ni ya Chepkurui. Kikikosekana hata kimoja, Kipkirui aivute nje, auze chuma, afunge ng'ombe. Gari bila kromu ni kama mtu ametoka nje na nguo ya ndani."

Nikamuuliza kama vipande vya gari nyingine vinakubalika, maana vya kwake havitengenezwi tena. Akafikiria sana. "Kikitoshea na kikinyamaza, ni chake," akasema. Maana yake kisigongegonge gari ikitembea. Haki nilitoka hapo nikiruka matope kama msichana. Pijo itakuwa yangu!

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Nimeisikia kwa mabati saa tisa mchana na nikaanza kuichukia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefunga duka mapema nikaenda Kericho kumwona Beverly. Ni fundi wa bodi, binti ya Mjaluo mmoja aliyefanya kazi miaka yote kwa kiwanda cha majani chai. Ana miaka ishirini na sita na mdomo wa watu kumi. Karakana nzima ya wanaume inamwogopa, na mimi huniita mathe, yaani mama.

Nilimwambia natafuta Pijo 404 nyingine nitoe vipande. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Mathe, ukitafuta gari utazeeka. Tafuta umbo. Kuna 404 kama yako, kuna steshen wageni, ile ndefu ya kubeba familia, kuna pikapu. Mlango wa mbele ya steshen na wako ni mtu na pacha wake. Mkanda unatoka huku unaingia huku."

"Na mlango wa nyuma?"

"Ya steshen ni refu kidogo."

"Basi haitoshi."

"Itatosha! Refu inakatwa, mathe. Fupi ndiyo haivutwi."

Nimeandika hayo maneno kwa kiganja na kalamu ya duka, nisisahau njiani. Huyu msichana nampenda na ananiudhi, yote kwa pamoja.

Jumanne, 18 Machi

Kofia za magurudumu zimepatikana! Beverly amepata nne za Pijo 504. Hazikuingia vizuri, akakunja vishikio vyake kidogo kidogo na koleo, akapiga kwa kiganja, tap, zikakaa. Nilipiga kelele mpaka mwenye karakana ya jirani akaja kuuliza nani ameumia.

Jumamosi, 22 Machi

Meseji ya Kipkirui ya jana, nainakili hapa jinsi ilivyo: "kesho nakuja kubima panda ya ngombe."

Kesho! Mvua haijamaliza hata mwezi na yeye anakuja na futi yake. Leo nilienda nikamkuta bandani anapima ukuta, anapita karibu na Pijo bila kuiangalia, kana kwamba ni jiwe. Yeye ni dereva wa lori ya kabichi, anatoka Bomet anashuka mpaka Soin na mbele, magari ndiyo kazi yake, na bado moyo wake uko kwa ng'ombe. Nilimwambia akigusa rangi na hiyo futi tutaonana. Akasema, "Sawa, Madam." Hilo neno kwa mdomo wake ni matusi.

Alhamisi, 3 Aprili

Duara za taa. Kwanza Beverly aliniletea za Datsun, na zilikuwa ndogo, taa ikaonekana kama inakonyeza mtu. Nikakasirika, akakasirika, tukanywa chai.

Halafu akakumbuka kinyozi mmoja wa Litein. Huyo bwana ana vioo viwili ukutani, vya duara, na fremu zake ni nini? Duara za taa za 404! Wateja wamejiangalia humo miaka na miaka bila kujua. Nilimnunulia kioo kipya kikubwa, cha mtu kujiona mpaka kiuno, na akasema angejua angefungua kinyozi ndani ya gari. Zimetoshea. Nimezisugua mpaka nikajiona meno.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Wateja wawili. Dawa ya minyoo.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka kwa Baba, sisi sote. Baada ya kula akauliza, "Imefika wapi?" Nikajibu haraka kabla ya mtu mwingine: imebaki mikanda miwili tu, mlango wa mbele kushoto na wa nyuma kushoto. Nilitaja na vipimo. Nilisimama nikamwonyesha kwa mikono.

Kipkirui alikuwa anatafuna mfupa. Baba akaangalia nje, mahali mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mashamba ya chai, akasema mvua ya mwaka huu haina nguvu. Nikaiombea mvua kimoyomoyo. Sijawahi kuomba mvua iendelee, na mimi ni mtu wa kuanika nguo kila siku.

Alhamisi, 24 Aprili

AISEE! Meseji kutoka kwa Kipkirui, wa watu wote: "mlango ya pijo tatu iko kwa baa ya bogonko soin. enta uone."

Milango mitatu! Baa ya nani sijui, lakini nitaijua. Labda mwenye baa ameipamba nayo, siku hizi baa zinapambwa na kila kitu, magurudumu, pikipiki, mpaka mitumbwi. Nimepiga simu ya Kipkirui mara tatu, iko nje ya mtandao. Haidhuru. Jumamosi nashuka Soin.

Jumamosi, 26 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nimefika Soin kabla ya saa saba. Kule chini ni joto, nimeenda na sweta ya Boito kama mjinga. Nikauliza watu wa bodaboda, "Baa ya Bogonko iko wapi?" Wakaangaliana. Mmoja akacheka mpaka akashikilia usukani. Nikadhani ni ulevi. Akaninyooshea kidole: boma lile, lango la kijani, jikoni kubwa ya nje mbele.

Nikabisha. Akatoka mzee wa suti nyeusi, Biblia kwapani. Nyuma yake akina mama wa kwaya, na sufuria zimepangwa kwa chakula cha baada ya ibada. Jumamosi! Ni Msabato! Mimi hapo akili yangu ilikuwa imelala.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye Bogonko?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Karibu mama."

"Asante. Nimeelekezwa kwa baa yako."

"Kwa kitu gani changu?"

"Baa."

Kwaya nzima ilinyamaza. Hata kuku walinyamaza. Mzee akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliniua.

"Mama," akasema polepole, "mimi ni mzee wa kanisa. Bia siuzi, sigara siuzi. Hata majani chai sinywi."

Nikajaribu kueleza. Nikasema mapambo, nikasema kromu, nikasema mikanda, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana nimelewa. Mzee akaniketisha chini ya paa la ile jikoni, mvua ikaanza kudondoka, akanipa uji. Ni mtu mzuri, hilo silikatai. Halafu akaita kwaya na wakaniombea. Mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili! Niliombewa niachane na pombe, kwa sauti, akina mama wameniwekea mikono begani, na nikasema Amina kwa sababu ningefanya nini?

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu jambo moja tu. Kipkirui alijua. Alijua Bogonko ni nani. Alinituma kule nidharauliwe na nipoteze siku, na kila siku inayopotea ni ya ng'ombe wake.

Jumapili, 27 Aprili

Amenifuata nje ya kanisa. "Uliona?"

"Nilikuona wewe," nikamwambia. "Nilikuona vizuri kabisa."

Akasimama na kofia mkononi. Nikamwacha hapo.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua ya saa moja tu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kidogo asubuhi. Kipkirui ameleta mbao za kihori cha ng'ombe na kuziegemeza kwa ukuta wa banda. Sijamsalimia tangu ile Jumapili. Mke wake alipitia dukani kununua chumvi ya ng'ombe, tukaongea juu ya chumvi.

Jumapili, 11 Mei

Jua. Siku nzima jua. Nimekaa ndani.

Jumatano, 14 Mei

Nimeenda kwa Beverly nikiwa nimekata tamaa. Nimemwambia ameshinda Kipkirui, basi. Akauliza ilikuwaje Soin, maana kwa aibu sikuwa nimemwambia mtu. Nikamweleza yote, mpaka maombi. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akanyoosha mkono wake wa grisi.

"Hebu nione hiyo meseji."

Akaisoma mara moja. Akaisoma tena, midomo ikitembea.

"Mathe. Mlango ya gari itafanya nini kwa baa?"

"Mapambo. Sijui. Muulize huyo shetani."

"Brathe yako ni Mkipsigis ama si Mkipsigis?"

"Swali gani hilo?"

"Soma hapa. 'Enta uone.' Enta ni nini?"

"Enda."

"Ehe! Sasa soma hii ingine. Baa." Akaniangalia kama mwalimu anayengoja mtoto mzito. "Mathe, sema 'baa'."

Nikasema.

"Sema 'paa'."

Nikasema.

"Umeskia tofauti? Mimi sijaskia!" Na hapo ndipo alianguka kwa kicheko, akashikilia bampa ya gari ya mtu. "Paa! Milango iko kwa PAA ya Bogonko! Wueh! Nyinyi watu mtaua mtu! Sisi Wajaluo wanatucheka na 'samba' na 'sule', lakini angalau sijawahi kutuma mtu kwa pombe!"

Nilikimbilia meseji ya Machi. "Kubima panda." Kupima banda. Ilikuwa mbele ya macho yangu miezi miwili, na mimi niliisoma bila kuona kosa lolote, kwa sababu ndivyo mimi mwenyewe ninavyosema! Nilicheka nikalia. Halafu nikakumbuka uji. Nilikunywa uji chini ya paa la jikoni ya Bogonko, macho yamefungwa, na milango iko juu ya kichwa changu.

Jumapili, 18 Mei

Tumeenda! Jumapili kwa makusudi, na pikapu ya Beverly, na mabati matatu mapya nyuma.

"Mama wa baa!" Bogonko akasema langoni, uso umejaa furaha. "Umeacha?"

Nikamwambia nimeacha, ili twende haraka. Beverly alikuwa tayari juu ya ngazi. Akapiga kelele kama ameona nyoka. Nami nikapanda, na sketi yangu, mbele ya watu wote, sikujali.

Milango mitatu ya steshen wageni imelazwa juu ya mabati mabovu kuyakandamiza upepo usiyabebe. Mmoja wa mbele kushoto, miwili ya nyuma. Kutu imekula chini, lakini juu, upande unaoangalia mvua, ile mikanda ilikuwa inang'aa imeoshwa. Niliibusu. Andika hivyo, Chepkurui, usione haya: niliubusu mlango wa gari juu ya paa la Msabato.

Mzee alikubali mabati kwa milango bila neno la pili, na Beverly akayapigilia misumari mwenyewe. Tukiwa tunashuka, Bogonko akaniuliza, "Kwani wewe ndiye dada ya dereva wa kabichi?"

"Dereva gani?"

"Kuna kijana wa lori. Anapita hapa kila wiki. Barabarani hakuna mtu anaona paa langu, lakini yeye anakaa juu kwa lori. Alisimama akaniuliza hiyo ni nini, nikamwambia ni milango ya Pijo ya ndugu yangu. Akaniambia nisimpe mtu mwingine, dada yake anakuja. Amesimama tena mara mbili kuuliza kama umefika. Nikamwambia hajafika mtu, isipokuwa mama mmoja mlevi."

Beverly aliangalia pembeni. Mimi nilikaa kwenye ngazi kidogo.

Jumanne, 20 Mei

Nimemngoja Kipkirui kwa barabara mpaka lori yake ikatokea. Akasimamisha. Nikamwambia nimepata milango, na nikamwambia pole. Nikamweleza baa na paa. Alinitazama kutoka juu kule, akatikisa kichwa.

"Uliniambia uliniona mimi."

"Nilikosea."

"Wiki tatu umeninunia kwa herufi moja, Chepkurui."

"Mbona ulinisaidia?"

Akaweka gia. "Niliona tu," akasema, akaenda.

Sasa sina amani tena. "Niliona tu" ni jibu gani? Anajua thamani ya Pijo ikiwa nzima kuliko mimi, anatembea na madereva. Vyuma ni vyuma, lakini 404 nzima ni kitu kingine. Labda hataki tena banda. Labda ananingoja niimalize. Nampenda kaka yangu na leo namwogopa.

Jumamosi, 24 Mei

Leo tumekata. Mkanda wa mbele uliingia wenyewe, klip klip klip, pacha kweli. Wa nyuma ulizidi upana wa vidole vinne. Beverly alipima mara tano, akaweka utepe, akashika msumeno. Ukikata vibaya hakuna mwingine Kenya hii ninaoujua, maana ule wa mlango wa tatu ni wa upande wa kulia na ncha zake zimegeuka. Nilimwambia angoje. Nikatoka nje, nikarudi, nikamwambia akate.

Akakata. Akalainisha ncha kwa tupa, akaweka kifuniko cha ile ncha ya zamani, akasukuma na gumba.

"Imekubali," akasema kwa sauti ndogo, na tulikumbatiana tukapakana grisi mpaka kwa nywele. Pijo ni nzima! NZIMA!

Jumapili, 1 Juni

Matone tu. Kipkirui amekuja akaizunguka Pijo mara moja, mikono nyuma. Safari hii aliiangalia. Aliinama akaangalia mpaka chini ya milango. Sikulala vizuri.

Jumamosi, 7 Juni

Baba alituma tuitwe asubuhi. Majani yalikuwa yamekauka, na akasema mvua imekwisha, mwaka huu haitarudi kabla ya Agosti. Alivaa koti lake la harusi za watu.

Alianza mbele. Akagusa simba wa boneti, akagusa duara za taa, akapita kwa kofia za magurudumu akigonga kila moja na fimbo. Upande wa kulia akapita haraka, maana anaujua. Upande wa kushoto akasimama. Akapitisha gumba kwenye mkanda wa mlango wa nyuma mpaka mwisho, akarudi, akasimama hapo hapo.

"Hii imekatwa."

"Ndiyo, Baba. Ilikuwa ya steshen wageni."

Akafungua mlango akaubamiza. Akaweka sikio. Akaubamiza tena, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Kipkirui alikuwa amesimama karibu naye, mimi niko ng'ambo ya pili ya gari.

"Imenyamaza," Baba akasema. "Gari ni nzima."

Akaingiza mkono kwa koti akatoa ufunguo. Na mkono wake ukaenda kwa Kipkirui.

Hakukusudia ubaya. Nilimwona usoni, wala hakufikiria. Maisha yake yote kitu chenye magurudumu kimetoka kwa mkono wa mwanamume kikaenda kwa mkono wa mwanamume, na mkono ukaenda njia unayoijua. Lakini mimi niliona ufunguo ukiingia kiganjani mwa kaka yangu. Nilishika kromu ya dirisha. Nilisema moyoni, basi, imekwenda.

Kipkirui akauangalia ufunguo. Akamwangalia Baba. Halafu akafungua mlango wa mbele kushoto, ule wa abiria, akaingia akaketi, akasukuma kiti nyuma akanyoosha miguu yake mirefu, akaufunga mlango. Akanyoosha mkono mpaka dirisha la dereva, ufunguo ukining'inia kwa kidole.

"Chepkurui, unangoja nini? Toa gari yako. Ng'ombe wangu wanataka kuingia."

Nikauchukua ufunguo, nikaingia. Baba alisimama pale akitutazama. Akaangalia mkono wake mwenyewe. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akatangulizia fimbo ndani, akaingia na kuketi.

"Endesha polepole," akaniambia. "Barabara bado ina matope."